Nani Aachie Kwanza? Mjadala wa Miamala Iliyokwama

Mkoa wa Tanga unajulikana kwa maziwa, mkonge, machungwa na bandari, na siku hizi kila kimoja kina hesabu yake ndani ya kompyuta. Mfugaji akipimiwa maziwa alfajiri, mkulima wa machungwa wa Muheza akilipwa kwa simu, mahali fulani mstari wa jedwali unafungwa, namba inabadilishwa, mstari unaachiwa. Kwa kawaida yote hayo hupita kabla karani hajainua mkono kwenye kibodi. Ila kuna nyakati miamala miwili inashikana, kila mmoja ukingoja mwenzake aachie. Mafundi wanaita dedloki. Hapa tutaita mkwamo.

Ili mjadala usielee hewani, tuchukue ushirika wa kubuni wa wafugaji, wenye vituo vya kupokea maziwa Pongwe, Muheza na Maramba. Hifadhidata yake ina jedwali la wafugaji, lenye salio la kila mmoja, na jedwali la vituo, lenye jumla ya kila kituo kwa siku. Mfugaji akileta maziwa, programu inaongeza lita kwenye mstari wa kituo, kisha inaongeza salio lake. Akichukua mashudu au dawa ya kupe kwa mkopo kwenye duka la ushirika, programu inakata salio lake kwanza, kisha inaandika deni kwenye mstari wa kituo. Asubuhi moja baba yuko dirishani anapimiwa maziwa, na mwanawe yuko dukani anachukua mashudu kwa jina la baba. Muamala wa maziwa umeshika kituo na unamngoja mfugaji. Muamala wa duka umemshika mfugaji na unakingoja kituo. Hifadhidata inauvunja mmoja, na kosa linatokea kwenye skrini ya karani.

Je, programu irudie tu muamala uliovunjwa, au mtu akae asome kilichotokea? Sauti nne nimezitunga ili zilizungumze jambo hili: katibu wa ushirika, kijana mtunga programu, mama msimamizi wa hifadhidata, na mzee aliyestaafu reli akiwa stesheni masta.

KATIBU: Mimi nimeketi upande wa wenye maziwa, kwa hiyo naanza na lao. Mfugaji kaleta lita kumi, karani kaona kosa. Zile lita ziko wapi?

MTUNGA PROGRAMU: Kwenye hesabu hazipo, Bi Katibu, na hiyo ndiyo salama yenyewe. Mfumo wa hifadhidata wa MySQL, kwa mfano, ukiuvunja muamala kwa sababu ya mkwamo unautengua wote, haubakizi nusu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: programu ikipokea kosa hilo ingoje kidogo, ianze upya. Mara ya pili muamala wa duka utakuwa umekwisha, na njia iko wazi. Sisemi hivi kwa uvivu. Waliotengeneza MySQL wenyewe wanaandika katika mwongozo wao kwamba programu iwe tayari siku zote kurudia muamala ulioanguka kwa mkwamo. Ukiruhusu watu wengi waandike kwa wakati mmoja, gharama yake ni hiyo.

MSIMAMIZI: Sipingi kurudia, mwanangu. Napinga kurudia bila kusoma. Mwongozo huohuo unataka miamala iwe mifupi, majedwali yaguswe kwa mpangilio uleule kila mara, na mikwamo ikizidi, kila ripoti iandikwe kwenye kumbukumbu za seva. Wengi husoma sehemu ya kurudia wakafunga kitabu. Mkwamo wa baba na mwanawe si bahati mbaya. Umeandikwa ndani ya programu: dirisha la maziwa linaanza na kituo, duka linaanza na mfugaji. Siku yoyote yenye wateja wa kutosha, utatokea tena.

STESHENI MASTA: Naomba nami niseme, maana kazi yangu yote ilikuwa kuzuia jambo hilihili bila kompyuta. Reli yetu ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Ni njia moja. Treni inayopanda na inayoshuka zinapita juu ya reli zilezile, na zinapishana stesheni, penye njia ya pili. Stesheni masta haruhusu treni iingie kipande cha mbele mpaka awe na hakika kwamba kipande hicho kiko wazi. Mwaka 1963 tawi la kutoka Mnyusi hadi Ruvu lilituunganisha na Reli ya Kati, treni zikapata pande nyingi za kutokea, lakini kanuni ni ileile: omba kwanza, ingia baadaye. Hatukuwa na ruhusa ya kusema zikikutana katikati tutairudisha moja. Nyinyi mnajiruhusu kwa nini?

MTUNGA PROGRAMU: Swali la haki, mzee wangu. Jibu liko kwenye gharama ya kurudi nyuma. Treni iliyokwama kati ya Mombo na Mkomazi ina abiria na mizigo, na kuirudisha kinyumenyume ni kazi nzito yenye hatari. Muamala wa mistari miwili unatenguliwa kwa muda ambao hakuna anayeuhisi. Tukiwaiga, kila muamala uombe mistari yake yote kabla ya kuanza, mistari itafungwa mapema kuliko inavyohitajika, na foleni itarefuka hata kwa wasiogombana na mtu.

MSIMAMIZI: Hapo mnaweza kupatanishwa. Mwaka 1971 Edward Coffman, Michael Elphick na Arie Shoshani walieleza masharti manne ambayo lazima yakutane ndipo mkwamo utokee. Kwanza, kitu kinashikwa na mmoja tu kwa wakati. Pili, aliyeshika anaruhusiwa kungoja kingine bila kuachia alichonacho. Tatu, hakuna anayenyang'anywa. Nne, kungojana kunazunguka, hata wa mwisho anamngoja wa kwanza. Ukiondoa moja tu, mkwamo hauwezekani. La kwanza tuliache, maana wawili wakiandika salio moja kwa pamoja, pesa ya mtu inapotea. Mzee kwenye reli analiondoa la pili. Hifadhidata inaliondoa la tatu kwa kumnyang'anya mmoja. Mimi nataka programu iliondoe la nne: kila sehemu yake imshike mfugaji kwanza, kituo mwisho. Na pale wafugaji wanapokuwa wengi, kama kwenye malipo ya mwisho wa mwezi, washikwe kwa namba zao, kutoka ndogo kwenda kubwa.

MTUNGA PROGRAMU: Kwa nini kituo mwisho?

MSIMAMIZI: Kwa sababu mstari wa kituo unatakiwa na kila mtu aliye kwenye foleni. Anayeushika mwisho anaushika kwa muda mfupi zaidi. Mstari wa mfugaji mmoja hauna wagombea wengi, kwa hiyo hata ukitangulia haumcheleweshi mtu.

KATIBU: Hebu nieleze kama unavyomweleza fundi mgeni. Kosa limetokea sasa hivi. Unaanza wapi?

MSIMAMIZI: Naanza kwa kuuliza kama ni mkwamo kweli. Mara nyingi ninacholetewa kwa jina hilo ni foleni tu: mtu kafungua muamala, kabadilisha mstari, kaondoka mezani bila kuthibitisha, na walio nyuma yake wanangoja. Hapo hakuna mduara. Yupo mmoja wa kuondolewa, nao wengine wapite. Namba za makosa zinatofautisha mambo haya mawili, lakini usizihamishe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kwenye MySQL, 1213 ni mkwamo, na 1205 ni kuchoka kungoja, ambako kwa mpangilio wa kawaida huja baada ya sekunde 50. Kwenye SQL Server, 1205 hiyohiyo ndiyo mkwamo. PostgreSQL inatoa 40P01, na Oracle inatoa ORA-00060.

MTUNGA PROGRAMU: Ila kosa linalonifikia mimi ndani ya programu halinielezi mengi.

MSIMAMIZI: Ndiyo maana lazima ukasome upande wa seva. PostgreSQL inamwambia mteja ni michakato gani ilikuwa ikingojana, lakini amri zenyewe za pande zote mbili inaziandika kwenye logi ya seva. MySQL, ukiipa amri ya SHOW ENGINE INNODB STATUS, inakuonyesha mkwamo wa mwisho peke yake. Ule wa alfajiri umeshafunikwa na wa saa mbili asubuhi, isipokuwa kama uliwasha innodb_print_all_deadlocks mapema. SQL Server huweka mchoro wa mkwamo katika kikao chake cha system_health. Kila mfumo una mahali pake pa ushahidi, na ushahidi hausubiri mpaka uwe na nafasi.

KATIBU: Ukishaipata ripoti?

MSIMAMIZI: Nasoma pande zote mbili. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu aliyevunjwa si lazima awe mkosaji. MySQL hupendelea kumvunja aliyebadilisha mistari michache. SQL Server, kama hujaipangia vingine, humvunja yule ambaye kumtengua ni rahisi zaidi. PostgreSQL, kwa mpangilio wa kawaida, hungoja sekunde moja ndipo ichunguze, na anayegundua mduara ndiye huanguka. Hakuna mfumo hata mmoja kati ya hiyo unaouliza nani alianza vibaya. Ukimchunguza aliyeanguka peke yake, utalilaumu dirisha la maziwa kwa kosa ambalo nusu yake iko dukani.

Kisha linakuja lililo gumu. Ripoti inaonyesha amri ambayo kila muamala ulikwama nayo. Haionyeshi amri iliyotangulia, ile iliyochukua kufuli linalogombewa. Hiyo lazima uifuate mwenyewe ndani ya programu, kuanzia pale muamala ulipofunguliwa. Mtu akiniletea amri mbili za mwisho akasema hazigusani, namwambia arudi juu zaidi. Ugomvi ulianza kabla ya hapo.

MTUNGA PROGRAMU: Basi nikupe mkwamo ambao mpangilio wako hauutibu, mama. Madirisha mawili, kituo kimoja, msimbo uleule herufi kwa herufi. Tuseme tumeongeza jedwali la mapokezi, lenye mstari kwa kila upimaji. Kila dirisha linaingiza mstari mpya humo, kisha linaongeza jumla ya kituo. Wafugaji ni tofauti, mpangilio ni mmoja, na bado wanakwama. Jedwali la mapokezi limefungamanishwa na la vituo kwa ufunguo wa nje. MySQL inapoingiza mstari mpya inaweka kufuli la kushirikiana kwenye mstari wa kituo, ili kituo kisifutwe katikati ya kazi. Kufuli hilo wawili wanaweza kulishika pamoja. Kisha kila mmoja anataka kufuli la peke yake ili abadilishe jumla, na kila mmoja anazuiwa na lile jepesi la mwenzake. Kufuli hilo la kwanza sikuliandika mimi. Nitapangaje nisichokiona?

MSIMAMIZI: Umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, na umenipa hoja yangu. Ulilijuaje? Ulisoma ripoti, ukaona wote wawili wameshika kufuli la kushirikiana kwenye mstari mmoja. Kurudia peke yake kusingekufundisha hilo mpaka leo. Na tiba bado ni mpangilio, kituo kikibaki nyuma ya mfugaji lakini kikitangulia mapokezi: badilisha jumla ya kituo kwanza, kisha ingiza mapokezi. Aliyekwisha kushika kufuli zito hahitaji kuomba jepesi. PostgreSQL ilipunguza taabu hii tangu toleo la 9.3, mwaka 2013, kwa kuleta kufuli la ufunguo wa nje lisilogongana na mabadiliko ya kawaida ya mstari. Kwa hiyo msimbo uleule unaweza kukwama kwenye mfumo mmoja na kupita kwenye mwingine, na asiyesoma ripoti ataondoka akiamini MySQL ni mbovu.

Kuna pia la faharasa, ile orodha inayoiwezesha hifadhidata kuupata mstari bila kupitia jedwali zima. Tuseme programu inamtafuta mfugaji kwa namba ya simu, na safu hiyo haina faharasa. MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida itafunga kila mstari inaoupitia ili kumbadilisha mtu mmoja. Mfugaji wa Maramba anakwama na mfugaji wa Pongwe ambaye hamjui wala hana jambo naye. Dalili yake ni hii: ripoti inataja mistari ambayo msimbo wako haukukusudia kuigusa. Hapo acha mpangilio, katafute faharasa.

MTUNGA PROGRAMU: Nimekusikia. Lakini hata tukipanga yote leo, kesho ataajiriwa mwingine, ataandika ripoti ya mwezi kwa mpangilio wake. Kurudia lazima kubaki.

KATIBU: Kubaki kwake ndiko kunakonitia hofu. Mfugaji anapopimiwa anapata ujumbe kwenye simu kwamba lita kumi zimepokelewa. Ujumbe huo unatumwa lini?

MTUNGA PROGRAMU: Kwa sasa, katikati ya muamala, kabla haujathibitishwa.

KATIBU: Na muamala ukivunjwa, ukarudiwa?

MTUNGA PROGRAMU: Unatumwa wa pili. Na ukishindikana kabisa, mfugaji anabaki na ujumbe wa lita ambazo hesabu zetu hazina.

STESHENI MASTA: Hiyo sasa ni treni, mwanangu. Imeshaondoka stesheni, na hakuna kitufe cha kuitengua.

MTUNGA PROGRAMU: Nakubali, mzee. Hoja yangu yote ilisimama juu ya urahisi wa kutengua, na ujumbe wa simu hautenguliki. Malipo ya simu hali kadhalika. Basi ndani ya muamala kiwepo kile tu ambacho hifadhidata inaweza kukifuta. Ujumbe uandikwe humo kama kazi inayosubiri, kwenye jedwali lake, na utumwe baada ya muamala kuthibitishwa. Malipo yawe na namba ya pekee, ili hata ombi likipelekwa mara mbili, mpokeaji atambue ni lilelile.

MSIMAMIZI: Ongeza moja. Kurudia kuanzie mwanzo wa muamala, siyo kwenye amri iliyoanguka. MySQL inatengua muamala wote. Mtu akirudia amri ya mwisho tu, salio la mfugaji litaongezeka, lakini lita zilizokwisha kuongezwa kituoni zitakuwa zimetoweka bila kosa lolote kuonekana. Oracle inafanya kinyume chake: inatengua ile amri peke yake, na makufuli ya mwanzo yanabaki mikononi mwa muamala mpaka programu yenyewe iamue kuutengua wote. Mtu aliyezoea mfumo mmoja akihamia mwingine na mazoea yake, ataharibu hesabu akidhani anaziokoa.

MTUNGA PROGRAMU: Basi kurudia kuwe na kikomo, mara chache tu. Kuwe na mapumziko yasiyolingana, ili wawili waliogongana wasirudi kugongana kwa mwendo uleule. Na kila kurudia kuandikwe. Lakini sitakubali kuamshwa usiku kwa mkwamo mmoja uliopona wenyewe.

MSIMAMIZI: Usiamke. Soma asubuhi. PostgreSQL inaweka idadi ya mikwamo ndani ya pg_stat_database. Angalia kama namba inapanda baada ya kila toleo jipya la programu. Ikipanda, kuna mtu ameleta mpangilio wake, na ripoti itakuonyesha ni nani.

KATIBU: Kwangu mimi kipimo si idadi. Mkwamo mmoja siku ya malipo una uzito zaidi kuliko mingi ya siku ya kawaida, kwa sababu siku hiyo mtu ana ada ya shule mkononi mwa ushirika. Anzeni kusoma ripoti za siku hiyo.

Nimeziacha sauti hizi zigongane mpaka hapo, sasa niseme yangu. Mtunga programu yuko sahihi kwamba kurudia ni lazima. Hata mfumo uliopangwa kwa uangalifu utakwama siku moja, na programu isiyojua kurudia itamtupia karani kosa lisilo lake. Lakini nasimama na msimamizi katika jambo kubwa: kurudia kunamaliza tukio tu, chanzo chake kinabaki. Programu inayorudia kimya kimya inafuta alama za mpangilio mbovu, na mpangilio huo unaendelea kukua pamoja na idadi ya wafugaji. Wakati ushirika una vituo vitatu, hakuna anayehisi. Ukifika vituo ishirini, madirisha yanachelewa, foleni inarefuka juani, maziwa yanaanza kuchacha kwenye madumu, na kwa sababu hakuna ripoti iliyohifadhiwa, watu wataambiwa mtandao ulikuwa chini.

Mzigo huu usiachwe kwa mafundi peke yao. Ushirika, saccos, chuo au hospitali inaponunua programu, viongozi wake wana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutia saini. Ripoti za mikwamo zinaandikwa wapi, na nani anazisoma? Mpangilio wa kushika majedwali umeandikwa kwenye karatasi gani, ili fundi ajaye aufuate? Na programu inaporudia muamala, ni kitu gani kilichokwisha kutoka nje ambacho hakiwezi kutenguliwa? Maswali haya hayahitaji digrii ya kompyuta. Muuzaji anayeijua kazi yake atayajibu kikaoni. Asiyeweza kuyajibu hajajiandaa kushika pesa za wafugaji, na asipewe.